Ramani ya shamba lako mtandaoni: ipake rangi mpaka dereva wa Fuso aielewe

Leo tunaacha kidogo viwavijeshi na mbolea, tunaongelea ramani. Najua kuna mtu ameshasema afisa ugani kaishiwa mada. Subiri kwanza nikusimulie.

Msimu uliopita wa mavuno, kikundi kimoja cha vijana ninaokwenda kuwatembelea huku upande wa Laela kilipata mnunuzi wa maharage. Mnunuzi hakuwa na muda wa kuja mwenyewe, akatuma Fuso na kuomba lokesheni. Tukamtumia. Nasema tukamtumia kwa sababu ile alama niliiweka mimi mwenyewe kwa simu yangu, nikaichomeka katikati kabisa ya shamba. Ikawaje? Simu ya dereva ikatafuta barabara iliyo karibu zaidi na alama, na barabara hiyo iko ng'ambo ya kijito. Kwa macho ni kama mita mia mbili hivi. Kwa gari ni kuzunguka mpaka kwenye daraja, zaidi ya saa nzima. Dereva akafika, akaona magunia yamepangwa kabisa, na hana pa kupita. Alipopiga simu tukaanza kumwelekeza kwa mdomo, "ukifika kwenye mwembe kata kulia", miembe yenyewe iko minne. Jioni akaenda kupakia mzigo wa watu wengine. Maharage yetu yalikaa siku nne zaidi, na bei tuliyokuja kupata haikuwa ile.

Kosa halikuwa la dereva wala la simu. Mimi ndiye niliyemtumia alama ya shamba, wakati yeye alihitaji alama ya mahali pa kupakia na njia ya kufika pale. Tangu siku hiyo nimekaa na kompyuta nikajifunza kutengeneza ramani yenye sura tunayoitaka sisi. Nimegundua si kazi ngumu, ila ina mitego yake.

Ramani ya kila mtu

Fungua ramani ya kawaida ukiwa Sumbawanga mjini. Utaona benki, nyumba za wageni, vituo vya mafuta, shule, barabara ya lami ya kwenda Tunduma na ile ya kwenda Mpanda. Sogea nje ya mji kidogo, vitu vinaanza kupungua. Ukifika kwenye mashamba yenyewe unabaki na rangi moja iliyopauka, kama vile huku juu hakulimwi kitu. Ramani hiyo imetengenezwa kwa ajili ya mtu yeyote, na mtu yeyote anatafuta benki kuliko anavyotafuta shamba lako la ngano.

Habari njema ni kwamba zipo zana za bure zinazofunguka kwenye kivinjari, bila kupakua programu yoyote, zinazokuruhusu kuchagua ramani ya chini iwe na sura gani, kisha juu yake unachora ya kwako. Mimi natumia mbili. Ya kwanza ni Google My Maps, ambayo unaingia kwa akaunti ileile ya Gmail uliyonayo kwenye simu. Ya pili ni uMap, ambayo imejengwa juu ya OpenStreetMap.

Hiyo OpenStreetMap ni ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, na inachorwa na watu wa kujitolea. Hapa kwetu Tanzania kazi iliyojulikana sana ni Ramani Huria ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa walichora mifereji, njia na majengo kwenye maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Ndiyo maana ukitazama Tandale kwenye ramani ile unaona mpaka vichochoro. Kijiji chako kikionekana kitupu, maana yake hajatokea mtu wa kukichora, na mtu huyo anaweza kuwa wewe. Lakini hilo ni somo la siku nyingine.

Tahadhari moja kabla hujaanza: programu ya simu ya My Maps ilifungwa mwaka 2021. Kwenye simu unaweza kuitazama ramani uliyoitengeneza, ila kuichora kwenye kioo kidogo ni mateso. Tafuta kompyuta mpakato au kishikwambi, au nenda steshenari za mjini zenye intaneti, saa moja inatosha.

Anza na chini, usianze na rangi

Ukishaingia kwenye My Maps na kufungua ramani mpya, upande wa kushoto kuna kisanduku. Chini kabisa ya kisanduku hicho kuna maandishi "Base map" yenye kimshale. Bonyeza hapo, utaona picha ndogondogo kadhaa. Kila picha ni sura tofauti ya ramani ya chini. Ipo ya setilaiti, ipo ya milima na mabonde, zipo zilizopauka karibu rangi moja, na zipo zinazoonyesha nchi kavu na maji tu. Hizi za mwisho zinafaa kwa mtu anayechora ramani ya bara zima, wewe zitakupotezea barabara zako.

Mimi nafanya hivi. Wakati wa kuchora natumia setilaiti, kwa sababu naona mti, naona kijito, naona ukingo wa shamba. Nikishamaliza kuchora narudi pale chini na kubadilisha kuwa ile iliyopauka. Jaribu uone tofauti. Kwenye setilaiti kila kitu kinapiga kelele, macho ya mtu hayajui yaende wapi. Kwenye iliyopauka, kitu pekee chenye rangi kali ni kile ulichochora wewe. Dereva anakiona hata kama kioo cha simu yake kimepasuka.

Na hiyo picha ya setilaiti si ya leo. Inaweza kuwa ya mwaka mwingine kabisa, na inaweza kuwa ya masika au ya kiangazi. Kama ilipigwa masika, umbo la kijani utakalochora litapotea ndani ya kijani cha mahindi. Kama ni ya Agosti, rangi ya chungwa na kahawia zitapotea kwenye ardhi kavu. Nimeona vijana wanachora kwa kijani "kwa sababu ni shamba", halafu wanashangaa mbona halionekani.

Kuchora umbo la shamba, bonyeza alama ya mstari juu ya ramani, kisha bonyeza kona moja ya shamba, nenda kona ya pili, zunguka mpaka urudi ulipoanzia. Likifunga linakuwa umbo lenye eneo. Lisipofunga linabaki mstari, na mstari unakupa urefu tu. Ukilibonyeza umbo lako utaona mzingo wake na eneo lake. Ukipewa hekta, zidisha kwa 2.47 upate ekari. Ukipewa mita za mraba, gawanya kwa 4,047.

Hatua sabini za nani?

Hapa naomba tukae kidogo, maana hapa ndipo pesa ilipo.

Wengi wetu tunapima ekari kwa hatua 70 kwa 70. Si vibaya, wazee wametufikisha hapa. Lakini hatua ya nani? Ekari halisi yenye pande sawa ina kama mita 63.6 kila upande, yaani hatua inatakiwa iwe ya sentimita 90 na kitu. Mtu mfupi, au mtu aliyechoka, anatembea hatua ya sentimita 80. Hatua 70 za namna hiyo ni mita 56, na 56 mara 56 ni mita za mraba 3,136. Hiyo ni robo tatu ya ekari na kidogo. Mrefu anayerusha miguu kwa mita nzima anapata mita za mraba 4,900, ekari moja na zaidi ya theluthi ya nusu.

Kijana mmoja aliniambia ana ekari 6 za mahindi. Tulipochora kwenye ramani tukapata 4.65. Alikataa kabisa, akasema setilaiti inadanganya. Tukaenda shambani na futi kamba, tukapima upande mmoja baada ya mwingine, ikawa vilevile. Sasa hesabu: trekta alilipa ekari 6. Mbegu alinunua ya ekari 6, kilo 10 kila ekari. Mbolea ya kupandia mifuko 6 ya kilo 50. Halafu mwisho wa msimu anagawa magunia kwa 6, anaona mavuno yake kwa ekari ni madogo, anailaumu mbegu. Mbegu haikuwa na kosa.

Ila usiichukue ramani kama msahafu. Ukitembea mpakani na simu ili irekodi njia, kwenye uwanja wazi simu ya kawaida inaweza kukosea kama mita tano. Kwenye ekari moja, upande mmoja ukisogea mita tano umeongeza au umepunguza mita za mraba zaidi ya 300, karibu asilimia 8. Shamba likiwa kubwa kosa hilo linamezwa, likiwa robo ekari linaharibu hesabu. Kwa vipande vidogo futi kamba bado ni mfalme.

Rangi, na jinsi nilivyoharibu mfuko wa urea

Ukibonyeza umbo, linafungua kijidirisha chenye alama ya ndoo ya rangi. Humo unachagua rangi, unene wa mpaka, na wepesi wa rangi ya ndani. Ushauri wangu: mpaka mnene, ndani nyepesi ili kilicho chini kionekane.

Sasa kituko changu. Tulikuwa tunakuzia mahindi kwa urea kwenye shamba la kikundi lenye vipande vinane. Nikachora ramani nzuri, vipande vilivyokwisha wekwa mbolea nyekundu, ambavyo bado kijani. Kwenye kompyuta ilikuwa inapendeza mno. Nikaenda kuichapisha ili vibarua wawe nayo shambani, na mashine ilikuwa ya nyeusi na nyeupe. Nyekundu na kijani zikatoka kijivu kilekile. Mimi sikuangalia vizuri, nikawakabidhi. Kipande cha ekari moja kikawekwa urea mara mbili, kingine hakikupata kabisa. Mfuko mzima ulikwenda pasipohitajika, na nililipa mimi kwa sababu vibarua walifuata karatasi niliyowapa.

Na hata pasipo kuchapisha, wapo wanaume, si wachache, ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani. Wengi hawajui mpaka wapimwe. Kwa hiyo siku hizi natumia rangi moja iliyokoza sana na nyingine hafifu, kwa mfano bluu nzito na njano ya mahindi. Zikichapwa bila rangi, moja inakuwa giza na nyingine nyeupe. Pia kila kipande nakipa jina fupi, A1, A2, B1, na nawasha majina yaonekane juu ya ramani. Kibarua akisoma B1 hahitaji kujua rangi.

Rangi zisizidi nne au tano. Kama una mahindi, maharage, alizeti, ngano na ulezi, tayari umefika. Usiweke tena rangi ya mwaka jana, rangi ya mwenye shamba na rangi ya aina ya udongo kwenye karatasi hiyohiyo.

Ramani moja, mtu mmoja

Hili ndilo ningependa mlishike kuliko yote. Ramani ya dereva si ramani ya mnunuzi, na zote mbili si ramani yako.

Ya dereva haihitaji vipande vya shamba kabisa. Mwekee mstari mnene kutoka mahali anapoacha lami mpaka pa kupakia, mchore juu ya njia ambayo Fuso yenye mzigo inapita kweli, siyo ile ya bodaboda. Weka alama moja kubwa pale gari litakaposimama. Kisha weka alama za hatari: daraja la magogo, kilima kinachoteleza, sehemu yenye tope kuanzia Desemba hadi Aprili. Basi. Kwa wale wa bonde la Rukwa, ambao mizigo yao inapanda ule ukingo kuja Sumbawanga, alama za kona mbaya zina thamani kuliko rangi zote. Na kwa kuwa mtandao unakatika njiani, usimtumie kiungo peke yake. Piga picha ya kioo, mtumie kwa WhatsApp akiwa bado mjini.

Ya mnunuzi ni tofauti. Kama kikundi kina wakulima 40, usichore mmoja mmoja kwa mkono, utazeeka. Tengeneza jedwali la Excel lenye safu za namba ya mkulima, zao, ekari, latitudo na longitudo, kisha liingize kwenye tabaka moja. Halafu kwenye tabaka hilo bonyeza "Individual styles" na uchague ipange kwa safu ya zao. Papo hapo alama zote za alizeti zinapata rangi moja, za maharage nyingine. Mnunuzi anaona kwa jicho moja kwamba maharage yako mengi upande gani, na gari lipite wapi kwanza. Tabaka moja linabeba mpaka mistari 2,000, na ramani moja ina matabaka yasiyozidi kumi, kwa hiyo hata chama cha msingi kinaenea.

Ila angalieni hizo namba. Sumbawanga mjini ni takribani -7.97 kwa 31.62. Ile alama ya kutoa mwanzoni inamaanisha tuko kusini mwa Ikweta. Ukiisahau, shamba lako linahamia Sudan Kusini. Ukigeuza namba, ukaanza na 31.62 ndipo -7.97, unaangukia Marrakesh, Moroko, na si pembeni, ni palepale mjini. Nimewahi kufungua jedwali la wakulima nikakuta wote wamejipanga Marrakesh kama wameenda kwenye mkutano. Baadhi ya mafaili ya ramani huanza na longitudo kwa makusudi, kwa hiyo likitokea hilo usiogope, badilisha safu tu.

Ya kwako mwenyewe ndiyo inayobeba siri: kipande gani kilipandwa lini, wapi palidumaa, wapi maji yanatuama, ghala liko wapi. Na hapa kuna mtego. Kuficha tabaka kwa kuondoa tiki hakulifungi. Ukimtumia mtu kiungo cha ramani, matabaka yote yanakwenda naye, na anaweza kuyafungua. Kama kuna kitu hutaki dalali akijue, hasa ghala na idadi ya magunia, kiweke kwenye ramani nyingine ambayo hujaishirikisha kwa mtu.

uMap ina tabia yake pia. Unaweza kuitumia hata bila akaunti, ukishahifadhi inakupa kiungo cha siri cha kurekebishia. Ukikipoteza hicho, ramani itaendelea kuonekana na hutaweza kuigusa tena. Kinakili kwenye daftari. Ninachokipendea ni kwamba unachagua sura ya chini kati ya nyingi, na inakubali vizuri njia iliyorekodiwa na simu. OsmAnd, kwa mfano, inarekodi unapotembea hata pasipo mtandao. My Maps nayo inapokea faili la namna hiyo, ila kumbuka njia iliyorekodiwa inaingia kama mstari, ukitaka eneo inabidi uchore umbo juu yake.

Kwa wale wenye tovuti za kuuzia mbegu za viazi au asali, wanaotaka kubadilisha mpaka rangi ya barabara na mito yenyewe, ipo Maputnik. Ni ya bure, inafunguka kwenye kivinjari. Pale ramani haiji kama picha iliyokwisha chorwa, inakuja kama taarifa, na wewe unaamua barabara za vumbi ziwe rangi gani, majengo yaonekane au yasionekane, majina ya vijiji yaanze kuonekana ukiwa umesogea karibu kiasi gani. Inahitaji uvumilivu na mtu anayejua tovuti kidogo. Mkulima wa ekari kumi ambaye hana tovuti haihitaji, asidanganywe na mtu kulipia.

Kabla hujampa mtu

Rangi uliyopaka haikupi ardhi. Kwenye vijiji vyetu haki inatambuliwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na karatasi yenyewe ni hati miliki ya kimila inayotolewa na halmashauri ya kijiji. Ukichora umbo lako likaingia mita tatu kwa jirani, halafu ukaisambaza kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, utakuwa umeanzisha kesi kwa mstari mwekundu. Mimi sasa namwita jirani tuangalie mpaka pamoja kabla ya kuhifadhi. Mara mbili jirani amenirekebisha, mara moja tulikuta jirani ndiye aliyeingia kwetu, na mwenyekiti wa kitongoji akayamaliza palepale.

Andika tarehe kwenye jina la ramani, kwa mfano "Shamba la juu, msimu 2024/25". Msimu ukiisha usifute rangi na kupaka mpya juu yake. Nakili ramani nzima, ipe jina la msimu mpya, badilisha rangi za mazao humo. Kikundi cha maharage kimefanya hivyo. Juzi tulizifungua mbili pamoja tukaona kipande B2 kina rangi ya mahindi kwa misimu yote miwili, na ndicho kile kile kilichotoa magunia machache. Msimu huu B2 kinapandwa maharage. Alama ya kupakia wameihamisha, iko upande wa huku wa kijito, mita chache kutoka barabarani.